Uvimbe wa Biubwa na Posa Iliyokosa Jibu

Umande wa Kaole haujakauka, na Biubwa Mikdad amekwishasimama mbele ya kifuo chake, ule mti wenye ncha uliochimbiwa ardhini kwa kufulia nazi. Anaikita nazi kwenye ncha, anaipindua, na makumbi yanaachia taratibu. Macho yake hayapo hapo. Yanatazama mbali, na midomo inatabasamu peke yake.

"Siku hizi naota mchana," anasema mjane huyu wa miaka arobaini na mitatu. "Niacheni niote, nimeteseka vya kutosha."

Kwa miezi kadhaa Biubwa alitembea kama aliyelala. Alikuwa akioga alipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, usiouma, na ngozi ya juu yake imebonyea. Hakumwambia mtu. Shangazi yake alifariki kwa saratani iliyoanza vivyo hivyo, na yeye ndiye aliyemuuguza.

Na mambo hayaji moja moja. Wiki ileile Bwanaheri, mgane anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, akaleta posa kwa mjomba wa Biubwa. Bwana huyo mpole alikuwa amempenda miaka mingi bila kusema, na Biubwa, tuseme ukweli, alikuwa akilijua hilo na kujifanya halijui. Posa ilipofika, akanyamaza. Mjomba akadhani ni maringo.

"Mtu ameshamzika mke mmoja," anasema Biubwa. "Nimkubalie, kisha anizike na mimi? Nilimhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia."

Katika ndoto alikuwa akimwona amesimama ng'ambo ya maji meupe ya chumvi, anampungia mkono, naye hawezi kuvuka.

Aliyemzindua ni Dija, mfuaji mwenzake, aliyemwona akijipapasa chini ya kanga. Dija hakubembeleza. Alimshika mkono, wakapanda gari hadi hospitali.

Daktari alimpima kwa mkono, kisha kwa ultrasaundi. Akauliza iwapo aliwahi kuumia kifuani. Biubwa akasema hapana. Hapo Dija akaingilia.

"Daktari, huyu mikono ikimchoka huisukuma nazi kwa kifua, kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yake. Wakati wa mvua kifuo kiling'oka, akaiangukia nazi, ziwa likavilia damu. Tulicheka mpaka tukakaa chini."

Biubwa alikuwa amesahau kabisa. Kwa wafuaji nazi, pigo la namna hiyo si ajali, ni sehemu ya kazi.

Daktari akawaeleza kwamba titi lina mafuta mengi, na pigo likiharibu mishipa midogo ya damu, sehemu ya mafuta hayo hufa na kuacha uvimbe mgumu. Hutokea pia baada ya upasuaji au tiba ya mionzi. Kwa mkono, na hata kwenye picha, huweza kufanana na saratani, kwa hiyo hakutaka kubahatisha. Alichukua kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe maabara.

Biubwa anasema kungoja majibu kulikuwa kurefu kuliko eda.

"Mama, si saratani, na huu hautageuka kuwa saratani," daktari alimwambia. "Ni mafuta yaliyokufa. Mara nyingi hunywea yenyewe, lakini utarudi tuutazame."

Alilia mpaka muuguzi akamletea maji. Dija naye akalia, huku akimgombeza kwa kukaa kimya muda wote ule.

Uvimbe bado upo, ingawa umepungua. Amekatazwa kuisukuma nazi kwa kifua, na anajitahidi, japo mazoea yana taabu.

Kuhusu posa, desturi ilimtaka atulie nyumbani, mjomba ampelekee jibu. Hakuweza. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye mashamba ya chumvi mchana kweupe, watu wakimtazama, akamweleza Bwanaheri kila kitu, pamoja na uvimbe ambao haujaisha. Bwanaheri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: siku ya kurudi hospitali.

"Nikamtajia," anasema Biubwa. "Akasema, basi ndoa iwe kabla ya siku hiyo, ili nikupeleke nikiwa mumeo."