Shangazi na Mchanga Ambao Haujaiva

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, shangazi yangu alikuwa akisimama uani na kupuliza filimbi mara mbili, eti anaitoa usingizi. Jirani yetu aliacha kutumia saa.

Kazi yake ilikuwa kurudisha matipa nyuma. Bandari inapanuliwa, bahari inajazwa mawe na mchanga, na lazima mtu asimame pale nchi kavu inapoishia amwongoze dereva. Filimbi fupi fupi maana yake rudi. Moja ndefu, simama. Ukichelewa kuvuta pumzi, tipa linakwenda kusalimia samaki. Miaka miwili, hakupoteza hata moja.

Ila nyumbani! Siku moja alikuja mgeni, dereva wa tipa. Shangazi akapuliza fupi fupi kufukuza kuku, na yule baba wa watu, mwili ukishazoea basi tena, akaanza kurudi kinyumenyume. Shangazi akapuliza ndefu, lakini mgeni alikuwa keshakaa ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Bibi alicheka mpaka akalazwa kitandani.

Sasa kujaza kukawa kunakwisha. Ijumaa ndiyo mwisho wa watu wa filimbi. Shangazi alitaka kubaki, tena juu ya rola, ile mashine nzito ya kushindilia. Dereva wake alimfundisha saa za chakula, akafanya mtihani, akapata leseni. Msimamizi, tuliyemwita Kalamu Mbili kwa zile zilizochomoza mfukoni, hakutaka kusikia.

"Mama, rola si cherehani."

"Na mimi sijaomba kushona."

Alhamisi nilikuwa juu ya bati letu nageuza nguo zilizoanikwa, na pale unaona na kusikia kila kitu cha bandarini. Kalamu Mbili alitaka rola ipite kwenye mchanga uliomwagwa Jumatatu. Shangazi akavua buti, akatembea peku hatua kama kumi, akarudi anatikisa kichwa.

"Haujaiva huu. Juu mkate, chini uji."

"Siku hizi miguu yako ndiyo maabara?"

"Basi usiihangaishe rola. Pitisha gari lako. Likivuka, naondoka leo leo, na hilo la rola hutalisikia tena. Likizama, kiti cha rola ni changu."

Madereva wote wakazima injini. Nikaziacha nguo nikasogea ukingoni mwa bati, maana kwetu anayeleta unga ni yeye.

Kalamu Mbili akaingia kwenye pikapu yake nyeupe, akafunga mkanda kama anasafiri. Mita tano, safi. Mita kumi, akapunga mkono dirishani! Ya kumi na mbili, magurudumu yakatoweka. Pikapu ikaketi taratibu, kama kuku anayeatamia, mpaka milango ikagoma kufunguka. Akatokea dirishani, kalamu moja imebaki.

Watu walicheka wakashikana mabega. Mimi nilicheka nusura nidondoke.

Mhandisi mkuu, mama mmoja mfupi, akatoka ofisini mbio. "Nani alisema mchanga bado?"

Vidole thelathini vikamwelekea shangazi.

"Leseni ya rola unayo?"

Aliitoa kifuani, ndani ya nailoni, ina joto.

"Hapa mchanga utangoja mwezi. Rola inapanda trela saa tisa, inakwenda bandari nyingine, na dereva wake hataki kuhama, mkewe kajifungua juzi. Utaenda?"

Jibu sikulisikia, injini zilikuwa zimewashwa tena. Niliona tu mtu anakimbia kuja kwetu, buti mkononi.

"Shangazi, umepata?"

"Nimepata, mwanangu! Begi liko wapi? Lile la zipu mbovu!"

Bibi akauliza, "Utarudi lini, mama?"

"Wakimaliza kujaza bahari!"

"Na chakula hiki?"

"Kuleni, kuleni, mimi nimeshiba!" Akambusu bibi, akanibana mashavu, akavaa buti, la kushoto mguu wa kulia, akagundua, akacheka, hakubadilisha. Akatoka hivyo hivyo, anachechemea na kukimbia, akapita kwa jirani bila kugeuka, akakata kona. Huu ni mwaka wa pili, na bado bahari haijajaa.