Lori Lisilo na Dereva

Chumba cha Bosco kilinuka dizeli. Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta wa mbao, na moshi wake ulipenya kwenye nyufa ukachanganyika na harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa na wanawake kando ya njia ya Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati mpaka wa Goma ulipokuwa ukifungwa na kufunguliwa bila mtu kuambiwa sababu. Mle ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni, na mashine ya mchezo wa mbio za magari ambayo Bosco alirudi nayo kutoka Kongo, kama wengine walivyorudi na magodoro. Watoto wote wa mtaa wetu wa Mbugangari waliijua njia ya kwenda pale. Mimi niliijua kwa sababu ya baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba viazi kutoka Ruhengeri, yeye na utingo wake Faustin, kijana wa Nyundo aliyetuletea karoti mbichi mfukoni. Wakati waasi walipokuwa wakishambulia magari barabarani, lori lao lilipigwa risasi kwenye kona. Faustin alifia pale pale. Baba alirudi kutoka hospitalini bila mguu wa kulia, na kama vile maneno nayo yalibaki huko. Ukimwuliza alijibu, ukimpa chakula alikula, lakini kona ile hakuitaja kamwe. Mama yangu alikwenda peke yake kumpa pole mama Faustin. Baba alisema magongo yanamchosha.

Bosco ndiye aliyemkaribisha kucheza. Katika mchezo ule wa zamani ulijiona umeketi ndani ya gari, usukani mbele yako. Gia ulibadilisha mwenyewe, honi ulipiga mwenyewe, na ukichagua mazoezi hakuna aliyekufukuza. Nilikuwa nasoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilimsindikiza. Aliegemeza magongo ukutani akaendesha polepole, akipiga honi kabla ya kila kona. Mara nyingine alisimamisha gari katikati ya barabara tupu, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaondoka. Bosco hakumharakisha.

Siku moja Bosco akamwambia kwamba mchezo mpya wenye malori unakuja kutoka Goma. "Iko na kamyo, Papa," alisema. "Iko na mvua, iko na barabara ya mulima." Tukausubiri msimu mzima wa masika. Baba, ambaye hakuwa akiuliza chochote nyumbani, alianza kuuliza kama mpaka umefunguliwa. Jioni alimweleza mama jinsi lori lililobeba mzigo linavyoshuka mlima wenye utelezi, na mama aliacha kazi zake akamsikiliza mpaka mwisho.

Mchezo ulifika Jumamosi, ndani ya mzigo wa vitenge vya dada yake Bosco. Baba alinyoa ndevu, akavaa koti lake la safari. Chumba kilijaa, lakini watoto walimwachia benchi la mbele.

Mvua ilikuwa nzuri kweli. Ilitiririka kwenye lami mpaka nikahisi baridi. Lakini gari lilionekana kwa nyuma tu, kama unalifuata, usukani haukuwepo. Gia zilijibadilisha zenyewe. Baba alibonyeza vitufe vyote akitafuta honi, hakuipata. Juu ya kioo saa ilihesabu kurudi nyuma, na alipopunguza mwendo kwenye kona, maandishi mekundu yalitokea, gari likazimika. Alianza upya, likazimika tena. Barabara ya mlima ilifunguliwa kwa aliyeshinda mbio zote za mjini tu. Malori yalikuwepo, ila hukuweza kuliendesha hata moja. Yaliwekwa njiani ili uyapite.

Baba alisimamisha gari nyuma ya lori mojawapo, akasogeza uso karibu na televisheni.

"Hii kamyo haiko na shofeli," alisema kwa sauti ya chini.

Bosco alijibu kwamba labda waliotengeneza hawakuona umuhimu wa kumchora dereva. Baba aliweka chini kile kidude cha kuendeshea, akamshukuru, akaomba magongo yake.

Njiani alisimama karibu na wapasua kuni, akaniambia yale ambayo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile ya risasi, Faustin alimsihi aongeze mwendo kwenye kona. Yeye alikataa kwa sababu ya mvua.

"Kwa Bosco nilikuwa natafuta kitu kimoja," alisema. "Kama mutu anaweza kupita pale polepole, na afike."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimshika mkono wa koti.

Jumapili iliyofuata tulipanda basi kwenda Nyundo. Mama Faustin alikuwa akipura maharage uani. Baba alimweleza yote, hata lile la mwendo, akiwa amesimama. Mama yule aliweka chini fimbo ya kupuria, akaniagiza nimletee baba kiti.

Siku hizi mwanangu ana mchezo kwenye simu wenye kila kitu alichokitaka baba: kabini, honi, lori lenye mzigo, na ruhusa ya kusimama popote. Mwaka jana nilimwonyesha baba. Aliutazama kwa makini, akasema wameutengeneza vizuri. Kisha akanirudishia simu, akaniuliza kama mama Faustin ameshapelekewa dawa zake za presha.