Mchicha Nyuma ya Sofa

Katika nyumba yetu ya ughaibuni, huko Walthamstow, hakukuwa na sofa. Nalisema hili mwanzo kwa sababu biashara ya mama ilikaribia kufa kwa ajili yake, na sisi wenyewe hatukuliona mpaka mgeni alipotuonesha.

Sebuleni palikuwa na busati, mikeka miwili na mito mirefu iliyopangwa kuzunguka kuta. Mgeni akija anavua viatu, anakaa chini, anaegemea ukuta, na hanyanyuki mpaka birika limalizike. Ikiwa kwetu kuna shughuli, kina mama walijaa kuta zote nne. Wakishaondoka, ukutani ulibaki mstari wa madoa ya mafuta ya nywele, kila kichwa na doa lake. Mimi, ambaye kutwa nilijificha jikoni nisisalimie watu, niliweza kukwambia nani alikaa wapi. Mama akisugua kwa sabuni, doa linafifia na rangi ya ukuta nayo inafifia. Siku moja akatupa kitambaa ndani ya ndoo, akasema, "Basi, ukuta huu nitauvisha."

Akauvisha kweli. Alikuwa ameshasoma kupiga chapa vitambaa kwenye kozi moja ya jioni, kabla hajaanza kazi ya kuangalia wazee usiku. Chumba cha nyuma, ambacho baba alikitaka kiwe cha kulia, kikawa karakana. Palikuwa na meza ndefu aliyoitengeneza kwa mlango wa zamani, na fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chembamba. Anaiweka fremu juu ya karatasi ya kubandika ukutani, anamimina rangi, anaivuta kwa ubao wenye mpira, na akinyanyua fremu, ua limebaki chini. Karatasi mbichi zilitundikwa ukumbini kwa vibanio vya nguo. Kwenda chooni ilibidi uiname. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi mbichi, naona njaa, kwa sababu ndiyo harufu iliyonipokea kila siku nikirudi kutoka skuli, nikisubiri chakula.

Ua lenyewe lilikuwa mchicha. Mama aliupanda nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kisichofika upana wa mkeka, na ule mwaka ulimea kama umetukanwa. Akauchora. Chini, pale vichwa vya wageni vinapofika, aliyajaza majani yakabanana, ya kijani kibichi na wekundu kidogo, hata doa la mafuta likiingia hulioni tena. Kuelekea juu majani yalipungua, yakabaki mashuke mawili matatu, na juu kabisa karatasi ilikuwa tupu, ili mwenye dari fupi akate bila kuharibu kitu.

Kila karatasi mpya ilijaribiwa kwa namna moja. Mama anaibandika kwa gundi kidogo, anatuita, na sote tunakaa chini kuitazama.

"Usiitazame umesimama," aliniambia. "Nani anakaa nyumbani kwake kasimama?"

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Woolwich kila Jumapili, naye hakuacha kumcheka.

"Wifi, watu wanabandika mawaridi, we umetubandikia mboga."

"Mboga unazila kila siku, hujachoka. Mawaridi umeyala lini?"

"Haya. Basi tutie na nazi hapo pembeni."

Watu wetu walianza kuagiza. Kwanza jirani Mpemba, kisha mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, mwenye duka la vitambaa, aliyezungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Lakini oda za jamaa ni za kuta moja moja, na za maneno mengi. Mama aliendelea kwenda kazini jua likizama, na mkoba wake na sare yake ya buluu, akarudi asubuhi mimi nikifunga tai ya skuli. Tulipishana mlangoni. Ananishika shavu kwa mkono wa baridi, ananiuliza kama nimekula, mimi namjibu kwa Kiingereza, neno moja, halafu basi langu limefika. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa na hamu na mama yangu kama vile yuko nchi nyingine. Sikumwambia mtu. Niliandika tu kwenye daftari langu, tena kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo mwanamke mwenye duka la karatasi za ukutani, huko katikati ya mji, alipopata sampuli ya mama na kusema atakuja kuiona ikiwa ukutani, nyumbani kwetu palikuwa kama panangojewa matokeo ya mtihani. Mama alishasema wazi: duka lile likichukua mchicha, anaacha kazi ya usiku.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Mrefu, miwani ya fremu nyekundu, sketi ya kubana. Mama akamwomba akae. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona kiti. Alivua viatu, soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba, akashuka mkekani polepole kama anaingia maji ya baridi. Shangazi alikuwepo. Aliuma ncha ya mtandio asicheke.

Lakini alipokaa, mwenye duka alisogea karibu. Akaugeukia ukuta, akapitisha vidole juu ya majani. Akasema karatasi ni nzuri sana, na akauliza ni mmea gani. Mama akamwambia. Akasema hajawahi kuona mboga ikapendeza vile. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

Halafu akauliza, "Sofa yenu mmeihamishia wapi?"

"Hatuna," mama akasema.

Mgeni akatabasamu, kisha akaona kwamba si mzaha. Akanyanyuka, akaweka kiganja ukutani usawa wa kiuno chake, akaeleza kwa upole, kwa sentensi ndefu. Mama Kiingereza alikijua vizuri, wazee wa kazini kwake walizungumza naye usiku kucha. Lakini alinigeukia.

"Anasemaje?"

Nilijua amesikia. Nilijua pia kwamba anatumaini mimi nimesikia vyengine.

"Anasema wateja wake wote wana sofa," nikasema. "Sofa itaufunika mchicha wote. Itabaki karatasi tupu."

Kisha shangazi, kwa Kiswahili, huku anamtabasamia mgeni: "Mwambieni awaambie wayatoe hayo masofa yao."

Mama hakucheka. Alimmiminia mgeni chai, akamwambia ampe muda kidogo. Jioni alivaa sare yake, akaondoka. Nilimwangalia dirishani mpaka kituo cha basi. Kwa kawaida aligeuka nyuma; siku hiyo hakugeuka.

Wiki iliyofuata akanichukua duka la fanicha kwenye barabara kubwa. Nilidhani amekata tamaa, anataka tununue sofa. Kumbe alikuwa na utepe wa fundi cherehani ndani ya mkoba. Alikwenda sofa moja hadi nyingine, akipima mgongo wa kila moja kutoka sakafuni. Mimi nilitaka ardhi inimeze, kwa sababu wasichana wawili wa darasa letu walikuwa upande wa vitanda wakirukaruka.

"Keti hapo," mama akasema.

"Mum, please."

"Keti, nione kichwa kinafika wapi. Si hivyo, umekaa kama unasubiri daktari. Egemea. Keti kama mwenye nyumba."

Nikaegemea. Muuzaji akaja, akauliza tumeipenda ipi. Mama akamjibu kwa heshima kabisa kwamba sofa zote ni nzuri, sisi tuna shida na ukuta tu. Yule kijana akarudi nyuma kidogo kidogo.

Mama alichora upya, mezani, mchana aliotakiwa alale. Nilipoona nilikasirika, nikamwambia kwa Kiswahili changu kibovu, kwa kuwa nilitaka hasira yangu imfike.

"Umeukata! Huu si mchicha wetu. Hauna chini."

"Wa chini upo. Uko nyuma ya sofa."

"Lakini hakuna kitu pale, mama. Ni karatasi tupu."

"Wao wanajua? Sogea, tazama."

Aliubandika mchoro kwenye ukuta wa karakana, akasimamisha ubao wa kupigia pasi mbele yake, usawa wa mgongo wa sofa. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Mashina yalichomoza juu ya ubao, majani yakifunguka, kama kwamba kuna mtu kapanda mchicha nyuma ya fanicha na umekataa kufichwa.

"Wa kwetu si uko ukutani sebuleni, nani ameugusa?" akasema. "Huu ni wa kuuza. Mimi nataka kulala kwangu."

Nilikuwa nimeutetea mchicha na nikasahau nilichokitaka.

Yule mama wa duka aliuchukua. Kwanza kidogo, kisha tena, mpaka meza ya mlango ikawa haitoshi. Sasa nina miaka kumi na tisa, tumehamia Lewisham, na mama anapiga chapa kwenye karakana ya kukodi chini ya reli. Ukuta wetu wa Walthamstow sijui nani anauegemea.

Kule Walthamstow, jioni ya kwanza mama aliyokuwa hana kazi ya usiku, shangazi alikuwepo, na baba alikuwa amewahi kurudi. Saa ya kwenda kazini ilipofika, mama aliinuka kwa mazoea, akatafuta mkoba.

"Wapi tena?" shangazi akamuuliza.

Mama akasimama katikati ya mkeka, akatutazama mmoja mmoja. "Hata sijui," akasema, akakaa.

Tulianza kuzungumza sote kwa pamoja. Mimi nilikuwa na mengi, niliyapanga kichwani tangu mchana: mwalimu wa sanaa, wale wasichana wa kwenye vitanda, kila kitu. Nikafungua mdomo, nikaanza, na hata sijafika kati mama alikuwa amelala, kikombe mkononi. Baba akakichukua taratibu. Shangazi akapunguza sauti ya televisheni. Nikamalizia hadithi yangu kwa kunong'ona, mpaka mwisho, kwa Kiswahili.