Uso wa Mwalimu wa Kaloleni

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya plasta na ufagio, nikaambiwa ufagio ndio nitakaouzoea. Jumba letu la makumbusho hapa Arusha lilikuwa dogo, nami nilikuwa fundi sanamu wake pekee. Ninyi vijana siku hizi kila kitu mashine. Sisi tulichukua uso wa mtu kwa mkono.

Mhifadhi Mkuu, bwana mkali asiyependa maneno mengi, alitaka chumba cha ujana wa Rais wetu wa kwanza: alivyosoma, na alivyofundisha kabla hajaacha chaki akaingia kwenye siasa. Picha za wakati ule zilikuwa chache na hafifu.

"Tafuta anayefanana naye," akaniagiza.

Nikampata mwalimu kijana aliyepanga chumba Kaloleni. Paji lile lile, mashavu yale yale. Nilimpaka mafuta ya mgando ili plasta isigande kwenye ngozi, nikamtia mirija puani apumue, nikamfunika uso mzima. Mama yake, mkulima wa kahawa kutoka Meru, alikaa kando akimshika mkono. Hakupenda hata kidogo.

Mwaka haukuisha, malaria ikamchukua yule kijana.

Baada ya mazishi mama akaja makumbusho. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipangusa vumbi. Akasimama mbele ya sanamu yenye uso wa mwanawe, akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu." Jamani, mle ndani hakuna aliyemwamkia. Tangu hapo alikuja kila mwezi, akaitikia, akaenda zake.

Miaka ikapita. Mhifadhi mpya akasema uso haufanani na Rais, uvunjwe. Nilikuwa nimebakiza wiki moja nistaafu, na nyundo nilishaishika. Nikajiuliza, mama yule ataamkiwa na nani? Nikautia kwenye kiroba, nikampelekea huko Meru. Hakuugusa.

"Wangu nimeshamzika," akasema. "Huyo ni wa kazini. Kaa naye wewe, mlifanya kazi pamoja."

Basi ninao hapa Olasiti, juu ya kabati. Mke wangu alishatangulia, watoto wako mbali. Mkiniuliza kama naikumbuka kazi, nawaambia kazi haijaniacha. Jana asubuhi nachemsha chai, nikaitikia "Marahaba" kabla sijakumbuka kwamba naishi peke yangu.