Setilaiti Iliyojua Saa za Kiswahili

Wasomaji wangu, chekeni, lakini msimwambie mke wangu. Tangu nipate cheti cha kompyuta cha masomo ya jioni, najiona profesa. Basi juzi hoteli yetu ya Ras Kitau ikanikabidhi kipokezi cha setilaiti, nilinganishe saa za kompyuta zote.

Saa ya setilaiti iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo hujumlishwa tatu. Mimi kwa madaha nikatoa tatu! Adhuhuri ilipofika, kompyuta zikaonyesha 6:00.

"Saa sita kamili!" akashangilia Bwana Shee, nahodha wa boti yetu. "Setilaiti hii imezaliwa mtaani kwetu Langoni!"

Nikavimba hadi vifungo vya shati vikalia.

Kesho yake mgeni mmoja, mama wa makamo, alikuwa na ndege ya saa saba mchana, awahi arusi ya bintiye Nairobi. Kompyuta ndiyo ingemwita nahodha ampeleke uwanjani wakati ukifika.

"Hatujachelewa, mwanangu?"

"Mama, setilaiti haikosei. Maliza dafu lako."

Mara ndege ikanguruma juu ya vichwa vyetu, ikaelekea bara. Meneja wetu, Bi Rukia, akakimbilia kompyuta.

"Bwana Twalibu, tiketi yasema 13:00. Kompyuta yako yasema 7:05. Kwani kwako wewe bado ni asubuhi?"

Mama akaliweka dafu chini taratibu, akainama, akaanza kuvua kiatu huku akinikazia macho.