Kisima Nilichokifunika kwa Majani

Shida zangu zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka thelathini, serikali ilipotuhamishia kwenye kijiji cha ujamaa, tukaiacha mikorosho yetu porini. Shule niliishia darasa la pili. Serikali iliporuhusu biashara binafsi, nikauza chumvi na sabuni hapa Newala, nikainuka kwa mikono yangu.

Juzi mwenyekiti wa mtaa akaniambia mwalimu analeta wanafunzi wa historia kuuliza habari za maendeleo. Nikajua ni msaada. Kwetu huku, wanaoandika shida ya maji hufuatwa na matangi ya bure. Nikavaa shati la shambani, nikafunika kisima changu cha maji ya mvua kwa majani ya mkorosho, nikawalilia wageni kwamba mke wangu anateremka bondeni kila alfajiri kuteka maji.

Wanafunzi wakaandika. Mwalimu akakunja uso.

"Mzee, tumekuja kujifunza jinsi mtu wa hapa alivyojiendeleza mwenyewe. Tulielekezwa kwako. Labda tumekosea nyumba."

Moyo ukaniuma. Heshima niliyoitafuta miaka yote inaondoka kwenda nyumba nyingine! Kabla sijajibu, jirani yangu Mama Zuhura akaingia na ndoo kichwani, kuteka maji kwangu kama kawaida yake.

"Shikamoo Baba Fatu. Leo kisima umekivalisha nguo? Maji yako yana haya?"

Wanafunzi walicheka mpaka mwalimu akawanyamazisha.

"Tuanze upya, mzee. Una nini?"

Nikataja, macho chini: nyumba ya bati, duka, shamba la mikorosho, baiskeli mbili, na kisima kilichojaa.