Muntu Aliyekataa Kiti Changu

Hii sikuhadithiwa. Niliiona na macho yangu, mchana, jua likiwaka, na pombe sinywi.

Nikiwa kijana nilipanda milima ya Bijombo kuchunga ngombe za watu. Kule kulikuwa ndama mumoja aliyekataa maziwa, akalia mpaka tukaziba masikio. Nikafikiri hakuna kilio cha kupita kile. Nilijua nini? Nilikuwa sijapata mujukuu.

Huyu mujukuu ni wa binti yangu Furaha. Aliolewa mbali, upande wa Fizi, na mvuvi ambaye minye sikuwahi kumuona. Mimba ingali changa, upepo ukapindua mutumbwi, bwana akazama, na maiti haikupatikana. Furaha akarudi kwangu Uvira, akazaa. Sisi kwetu mutoto akitolewa inje mara ya kwanza, baba yake ndiye anamupokea. Huyu angepokelewa na nani?

Basi akalia. Akakataa kunyonya, akakonda mpaka shingo ikawa kama ya kuku. Kwenye dispanseri wakasema hana ugonjwa. Siku ile Furaha alienda Kasenga kutafuta dawa ingine, akaniachia yeye. Nikamuimbia, nikamuchezea, muzee muzima nakata viuno. Wapi.

Hapo kijana akasimama mulangoni, shati ya buluu, kiraka cha njano begani.

"Muzee, unipatie yeye kidogo."

"Akikunyamazia nitakupa na mbuzi."

Nikamusogezea kiti, akakataa. Akamupokea mutoto, uso ameugeuza pembeni, hakuniangalia hata kidogo. Nikasema moyoni, huyu hakufundishwa adabu. Akamuinua juu, akamupuliza pole pole kwenye paji. Kilio kikakatika. Niamini, nilisikia kuku wakichakura.

"Weye ni wa kwa nani?" nikauliza.

Akanirudishia mutoto kwa mikono mbili, kichwa chini, akatoka.

Furaha aliporudi, mutoto alikuwa anatafuta titi. Nikamueleza yote. Nilipotaja kiraka, akakaa chini.

"Kile nilikishona minye. Papa, alikaa?"

"Alikataa kiti."

"Alikuangalia?"

"Hapana."

"Mukwe atakaaje mbele ya baba ya muke wake? Alikuwa anakuogopa hata hajakuona." Akacheka, machozi yakimushuka.

Toka siku ile mutoto ananyonya, sasa anakimbia. Lakini Furaha, jua likifika pale pale, anaacha kazi na kuangalia mulango.

Weye unayesoma, muntu usiyemujua akikutulizia mutoto, funga kinywa. Usimuulize ukoo. Pengine angengoja mpaka muke wake arudi. Minye niliuliza, naye akashika njia ya ziwa, taratibu, bila kugeuka, na hajarudi tena.